Mwaka wa Mate na Kahawa

Asubuhi ya kumzika mume wangu, kabla padri hajafika, wanaume wa ukoo walikaa chini ya turubai wakigawana kazi. Mmoja alipewa wachimba kaburi, mwingine wageni wa kutoka Bukoba, mwingine chakula. Walipofika kwenye wasifu wa marehemu, shemeji yangu Titus, ambaye ana duka mjini na hupenda mambo yaende haraka, alisema atausoma yeye. Binti yangu Koku, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa anapita na beseni la vikombe. Alisimama akasema kwamba atausoma yeye. Kuyasema hayo kulimchukua muda, kwa sababu Koku ana ulimi mzito kama aliokuwa nao baba yake. Neno linaanza, linakwama katikati, mdomo unalitafuta, na mara nyingine mwanzo wake unapotea kabisa, msikilizaji akabaki na mkia. Titus alisubiri kidogo, kisha akammalizia.

"Unataka usome wewe," alisema. "Mwanangu, leo watu ni wengi. Diwani yupo. Tusimchoshe marehemu."

"Marehemu hachoki," nilisema.

Nilikuwa nimekaa mlangoni kwenye mkeka, mahali pa mjane, na mjane hapangi ratiba. Wote waligeuka. Titus si mtu mbaya. Jeneza alilinunua yeye bila mtu kumwomba. Lakini niliona wanaangaliana, na nilijua wanachokifikiria: kwamba ulimi huu ni jambo la ndani ya nyumba, si la kusimamishwa mbele ya diwani. Wakati huohuo gari liliingia uani, akashuka mwanamke mwenye mvi, amejifunga kitenge juu ya suruali. Sikumtambua mpaka alipokaa kando yangu na kunishika kiganja. Alikuwa Daktari Asimwe. Nikabaki nafikiria mwaka aliokuja kwetu kwa mara ya kwanza, miaka kumi na minane iliyopita.

Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya, sote tulihesabiwa Karagwe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, elimu yangu darasa la saba na ushonaji kidogo. Daktari Asimwe alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri, mtaalamu wa vinasaba, yaani mambo ambayo mtoto huyapata kwa wazazi wake kabla hajazaliwa. Alikuwa anatafuta familia ambazo watu wake kadhaa wana shida ya kusema ingawa masikio yao yanasikia na akili yao ni nzima. Alikuwa amesikia habari za nyumba moja kule Kimuli. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kinyambo, na katekista akanitaja mimi. Sikumwambia Daktari siku ile kwamba nilikuwa nimeshachumbiwa na kijana wa nyumba hiyohiyo, Deo. Nilimwambia wiki ya pili. Aliandika kwenye daftari lake, akaniuliza kama bado naitaka kazi. Nikasema naitaka.

Alipanga chumba kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Kilikuwa na kitanda, meza moja na dirisha linalotazama migomba, na juu ya meza kulikuwa na kinasa sauti, makaratasi, na boksi la vichupa vyenye vifuniko vya buluu. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na viazi, na hapo ndipo alinifundisha kazi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunga maneno yasiyokuwa na maana yoyote, si kwa Kinyambo, si kwa Kihaya, si kwa Kiswahili, ili watu wayasikie na kuyarudia. Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba neno ambalo mtu analijua anaweza kulisema kwa mazoea, lakini neno geni linaonyesha jinsi ubongo unavyoupangia mdomo kazi. Niliandika maneno arobaini. Nilimsomea mama, akasema mawili kati ya hayo ni matusi kule kwao Rugu, nikayafuta.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, nayo ilikuwa kunyamaza. Mtu akikwama, usimmalizie. Daktari alilirudia jambo hilo kila siku. Kinasa sauti kinataka sauti ya mwenyewe, alisema, hata akichukua dakika nzima. Mimi nilikuwa namwonyesha Deo mapenzi kwa kummalizia. Akianza neno, nililidaka nikalifikisha, kama unavyompokea mtu mzigo njiani. Nyumba yao nzima ilifanya hivyo. Walikuwa watatu wenye ulimi mzito: Deo, shangazi yake Paskazia, na mtoto mmoja wa kaka wa Deo aliyekuwa na miaka sita. Watatu hao walikuwa wamezoea kuanza tu maneno, wengine wakayamaliza. Paskazia, mwanamke wa miaka karibu hamsini, alikuwa hasemi kabisa wageni wakiwepo. Alileta chakula, akapiga magoti, akasalimu kwa kichwa.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Kokugonza, mama wa Paskazia na bibi wa Deo. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho yaliyoona kila kilichopita uani. Siku ya kwanza alimkaribisha Daktari sebuleni, penye majani makavu yaliyotandikwa sakafuni, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Kwetu huwezi kuingia nyumba ya watu ukatoka bila kupewa punje. Daktari alitafuna kama mtu aliyezaliwa nayo mdomoni.

"Kumbe Wahaya bado mnatafuna," Bibi alisema. "Nilisikia mmekuwa Wazungu, mnakunywa ya kopo."

"Tunatafuna, waitu," Daktari alisema, akitumia neno la heshima la kwao. "Ila sisi yetu ni tamu zaidi."

"Tamu ya wapi? Ninyi utamu wenu uko mdomoni, mnasema mpaka kahawa inapoa."

Paskazia alicheka akiwa jikoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Huko jikoni ndiko nilikosikia mengine. Nilikuwa namenya ndizi na wake za baba wadogo wa Deo, na mwanamke akishika kisu husema. Walisema ulimi ule uliingia nyumbani humo na Bibi. Alipoolewa kutoka Songambele, ukoo ulikuwa na wasemaji hodari, watu waliosimama mbele ya chifu. Kisha yeye akamzaa Paskazia. Babu wa Deo alikuwa ameshakufa siku nyingi, hakuwahi kulisema jambo hilo wala kulikanusha. Wakwe ndio waliolisema, na mashemeji, na baadaye wake za wanawe mwenyewe, kwa sauti ndogo, mvuke wa ndizi ukiwafunika. Mmoja aliniambia bila ubaya wowote, "Wewe utapona. Mtoto wako akiwa hivyo, watasema ni damu ya bibi yule." Mama yangu mdogo wa Kimuli yeye alisema wazi nisiolewe hapo.

Bibi alijua yote. Daktari alipoeleza kwamba anataka mate ya kila mtu wa nyumba ile, na kwamba mate yana vinasaba ndani yake, wanaume walisita. Mate ya mtu hayaachwi ovyo. Kuna watu wanaweza kuyafanyia jambo. Bibi aliuliza swali moja.

"Hayo mate yataonyesha kitu hiki kilitoka wapi?"

Daktari hakumdanganya. Alisema huenda yakaonyesha, huenda yasionyeshe, na kwamba mate ya Bibi ni ya muhimu kuliko ya wote kwa sababu yeye peke yake ndiye amebaki wa kizazi kile.

"Basi nitatema," Bibi alisema. "Miaka hamsini wananitemea mimi. Acha na mimi niteme."

Siku ya kutema tulifika asubuhi. Sharti lilikuwa kwamba kwa nusu saa kabla, mtu asile, asinywe, asitafune kitu chochote. Nililitafsiri mimi mwenyewe, mbele ya wote, nikataja kahawa kwa jina. Daktari alikaa uani na wanaume, saa mkononi. Mimi nilipewa Bibi, nikae naye chumbani mwake, nimsaidie na kichupa, nijaze fomu. Chumba kilikuwa na kitanda cha miti, rozari ukutani, na sanduku la bati. Tulikaa kama dakika ishirini. Kisha alifungua sanduku, akatoa tunda moja la kahawa lililokauka, akalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na punje mbili. Akanipa moja, akabaki na nyingine.

"Bibi, Daktari amekataza."

"Daktari ana yake, na mimi nina yangu. Utaingia nyumba hii bila kutafuna na mimi?"

Kila Mnyambo anajua maana ya punje mbili za tunda moja. Watu wawili wakizigawana hawatupani tena. Zamani walizipaka na damu yao. Bibi alikuwa ananipokea, kabla ya mahari kutimia, kabla ya kanisa, yeye ambaye hakupokewa na mtu. Ningeweza kuificha ile punje mkononi na kumwomba yeye asubiri dakika kumi tu. Nimewaza hilo mara nyingi. Sikufanya hivyo. Tulitafuna pamoja tukiangaliana, na muda mfupi baadaye Daktari akapiga hodi kusema muda umetimia. Bibi alisukutua kidogo kwa maji ya kikombe, akatema kwenye kichupa mpaka kwenye mstari. Mate yalikuwa na rangi ya kutu. Nilifunga kifuniko. Kwenye fomu palikuwa na swali kama mtu ametafuna chochote, na visanduku viwili. Nikatia alama kwenye hapana.

Daktari aliondoka na boksi lake. Mvua za vuli zikaja, senene wakaja, tukawakaanga nyumbani kwa Deo, na Bibi akawa ananiita mke wa Deo. Kila aliponiona aliuliza kama majibu yametoka. Alikuwa anapungua. Nguo zilimkaa kama zimeanikwa. Nami sikuwa nalala vizuri, lakini sikumwambia mtu, hata Deo.

Daktari alirudi mwanzoni mwa mwaka. Katika chumba kilekile cha parokia alitandaza mezani karatasi kubwa aliyochora ukoo wote, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, na wenye ulimi mzito wamepakwa wino. Aliniambia vichupa vyote vimefanya kazi isipokuwa kimoja. Cha Bibi hakikusomeka. Angemwomba ateme tena, lakini alikuwa amepita kumsalimu na kuona hali yake. Mdomo wa Bibi ulikuwa mkavu, hata mate ya kumezea dawa hayakumtosha.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikitazama migomba dirishani. Nilitegemea anifukuze. Alivuta daftari la sampuli, akafungua ukurasa wa Bibi, akanipa kalamu.

"Andika ulivyoniambia."

Niliandika: Alitafuna kahawa dakika kumi kabla. Nilikuwepo. Nilitafuna naye. Fomu niliijaza uongo. Akanitaka nitie sahihi.

"Ni kahawa ndiyo iliyoharibu?" nilimuuliza.

"Inawezekana. Inawezekana si yenyewe. Hatutajua, Adela, na hilo ndilo tatizo la uongo kwenye fomu. Umetuondolea hata uwezo wa kujua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Baadaye aliniletea chai, tukainama tena juu ya karatasi ya ukoo. Pembeni mwa mraba wa babu palikuwa na duara lenye alama ya kuuliza. Ni mke wa kwanza wa babu, aliyeondoka na mtoto mdogo kabla Bibi hajaolewa. Kila nilipotafsiri swali juu yake, wanaume walibadilisha mazungumzo. Daktari aliweka kidole hapo.

"Kama yule mtoto yuko hai, ni damu ya babu bila damu ya Bibi. Hapo hatuhitaji maabara. Tunahitaji masikio."

Nilikwenda kumuuliza Bibi. Alikuwa amelala upande, uso ukutani. Alisema yule mwanamke alirudi kwao Rugu, na mtoto alikuwa wa kiume. Hakumwona kamwe.

Tulikwenda na gari la Daktari, barabara ya vumbi jekundu, tukiuliza kwa kila kanisa. Mama yangu anatoka Rugu, basi nilikuwa na pa kuanzia. Mchana tulielekezwa kwenye shamba la mzee mmoja aitwaye Kaijage, mkulima wa ndizi na kahawa. Alikuwa anafunga mkungu kwenye baiskeli. Nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo. Alifungua mdomo kuitikia, neno likaanza, likakwama, mdomo ukalitafuta. Mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu, akiwa upande wa pili wa baiskeli, akaitikia kwa niaba yake bila kuinua macho: "Marahaba, marahaba, karibuni." Sikumwangalia Daktari. Nilijua naye amesikia. Ilikuwa sauti ya Deo, na kule kumaliziwa kulikuwa kulekule.

Mzee Kaijage alikuwa mtu mchangamfu. Daktari alipomweleza yote, na kumwambia kwamba ni hiari yake, alikubali kurekodiwa na kutema. Nusu saa nzima alikaa amefumba mdomo na mikono juu ya magoti, kahawa kwenye kikapu mbele yake, mimi nimeushikilia mfuniko. Baadaye alitusimulia, polepole, Daktari amemkataza mwanawe kumsaidia, kwamba mama yake alifukuzwa alipoonekana mtoto anachelewa kusema. Walisema ni yeye aliyekileta kitu hicho.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nyumba ya Kimuli ilikula pamoja, ndizi na maharage, Bibi amekalishwa kwenye kiti na mito. Mimi na Daktari tulikuwa tumemwambia siku moja kabla, yeye na Paskazia tu. Aliuliza kama Kaijage ana afya, na kama ana wajukuu. Kisha alisema atakayewaeleza watu ni Paskazia. Nilidhani amechanganyikiwa.

Paskazia alisimama. Alianza jina la baba yake, likamgomea. Baba mdogo mmoja wa Deo akalidaka, kwa wema, kama walivyofanya maisha yote. Bibi aligonga fimbo sakafuni.

"Mwacheni amalize."

Sijui ilichukua muda gani. Chakula kilipoa. Mtoto mmoja alianza kucheka, akafinywa. Paskazia alisema kwamba baba alikuwa na mtoto Rugu, kwamba mtoto huyo anasema kama yeye, kwamba kwa hiyo si mama. Maneno machache tu. Alipokaa, blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni. Wanaume walitazama sahani zao. Mkubwa wao alisema, "Tumesikia." Wake zao kwa wiki kadhaa walimpelekea Bibi uji bila kuagizwa.

Bibi alikufa kabla ya harusi yetu. Utafiti wa Daktari uliendelea miaka mingi na nyumba nyingine, na aliniandikia mara mbili. Mara ya mwisho alisema wazi kwamba kwa nyumba yetu walisogea karibu lakini hawakukifikia kinasaba chenyewe, na kwamba kwenye maandishi yake kuna mstari unaosema sampuli moja ilipotea na kwa nini. Jina langu halipo. Kosa langu lipo.

Tulipomzaa binti tulimpa jina la Bibi. Alipofika miaka mitatu akiwa hasemi, hakuna mtu aliyeniuliza nimekileta kutoka wapi. Deo alimfundisha kusubiri neno lake. Mimi nilijifunza kunyamaza, si kikamilifu, lakini nilijifunza.

Siku ya mwisho ya Deo, hospitali, alinishika mkono akaanza neno. Lilianza na m. Lilikwama. Aliangalia juu, analitafuta, na alikuwa amechoka sana, nami nilishindwa kumvumilia. "Maji," nilisema, nikamwinua kichwa nikampa kikombe. Alikunywa. Kisha akalala, na hakuamka tena. Huenda yalikuwa maji. Nimehesabu maneno mengine yanayoanza hivyo, nikaacha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mlangoni, kiganja changu kikiwa mkononi mwa Daktari Asimwe. Nilimwambia Titus kwamba Koku atasoma. Alikuna kichwa, akasema sawa, lakini atasimama karibu naye kwa lolote.

Wasifu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Baada ya misa, Koku alisimama kando ya jeneza na karatasi yake. Jina kamili la baba yake lilimchukua muda ambao mtu mwingine angemaliza aya nzima. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Rwanda, na padri aliyatazama mara moja. Kwenye mwaka wa kuzaliwa alikwama kabisa. Nilimwona Titus anavuta pumzi, anafungua mdomo. Paskazia, ambaye sasa ni bibi kizee, alikuwa kwenye kiti nyuma yake. Alimshika ncha ya koti, akaivuta.

Titus alifumba mdomo. Watu walisubiri, diwani naye akasubiri, na mimi nikasubiri, mpaka mwanangu akalipata neno lake akalisema.